Kwa Nini Sijakutumia Sauti ya Kuitia Ng'ombe

Tata,

Shikamoo. Naomba uipokee shikamoo hii hata kama umeninunia, maana najua umeninunia.

Mimi ni mzima wa mwili. Natumaini kurasa hizi zinakukuta umekaa pale nje penye jua la asubuhi, kidonda cha koo kimefunga, na uji unapita bila kukukwaruza. Mama je, goti lake linampa nafasi ya kwenda kanisani? Mvua za hapo Isingiro zimeshika, au ni zile za kulowesha vumbi tu na kuondoka? Migomba ya upande wa bondeni imepona ule mnyauko? Ng'ombe nimewaacha mwisho. Najua wewe ungetaka niwaulizie kwanza, ila nimeona aibu kuwataja mapema.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kinyambo nakiongea vizuri lakini kukiandika kunanishinda, na hata hivyo msomaji wako ni Koku. Koku mdogo wangu, nimezipiga picha kurasa hizi nikutumie kwa simu. Msomee Tata zote. Ukifika mahali ukaona haya kwa ajili yangu, usiruke. Soma tu.

Sasa neno lenyewe. Koku aliniambia kwamba tangu wakupasue koo sauti yako imebaki mnong'ono, na jioni ng'ombe hawaji majini. Yeye akiwaita wanamtazama, wanarudi kula majani yao. Wachungaji wameanza kuwaswaga kwa fimbo, jambo ambalo hukulipenda hata siku moja. Akaniambia ulichukua chaki, ukaandika kwenye kibao cha watoto: MWAMBIE ANITUMIE SAUTI. Kwa sababu sauti yangu ni yako, Isingiro nzima inajua hilo. Mama mwenyewe akinisikia nyuma ya nyumba alikuwa anaitika "abee" akidhani ni wewe. Nirekodi ule wito wetu kwenye simu, Koku auweke kwenye spika yake ya kwaya, ng'ombe wasikie, waje.

Ni kazi ya pumzi moja. Nikasema sawa, kesho. Kesho ikafika, nikasema mtandao mbovu. Halafu nikasema simu imeingia maji. Tata, mtandao wa huku ni mzuri kuliko wa kwetu, na simu yangu haina hata mkwaruzo. Nimekuwa nikimkwepa Koku kama mtoto aliyevunja kibuyu cha maziwa. Leo nimeona heri niseme.

Ila ili unielewe, acha kwanza nikujibu yale uliyokuwa ukiuliza kila mara, hapa ni wapi na nani anatawala. Jina la kisiwa chenyewe lilikushinda, ukaamua kukiita Kule. Basi tuendelee na Kule.

Kule ni mlima uliosimama ndani ya bahari, mwingine hakuna. Ukitoka nyumbani kwetu asubuhi ukitembea tu kwa mguu mpaka Songambele, hapa ungeshakuwa umetumbukia majini. Watu wote wa kisiwa ukiwakusanya, mnada mmoja wa ng'ombe kwetu siku ya sikukuu ungewazidi kwa kelele. Ndege inayoleta watu ni ndogo, rubani anageuka kukuuliza kama umefunga mkanda. Na kuna mambo ungecheka: ndizi zinakuja kwa meli. Vitunguu, kwa meli. Mayai wakati mwingine, kwa meli. Bahari ikichafuka, dukani kunabaki sabuni na magazeti ya zamani.

Kazi kubwa ya hapa ni serikali yenyewe. Karibu kila nyumba ina mtu anayelipwa na serikali, na serikali nayo inasubiri fedha kutoka London, kwa sababu kisiwa hiki ni mali ya Uingereza mpaka leo. Kuna wageni wachache wanaokuja kutazama mlima, kuna wazee wa Kizungu waliojenga majumba ya kupumzikia, na kuna mchanga. Mlima ulitapika mchanga, sasa wanauchimba, wanaupakia melini, watu wa visiwa vya jirani wanajengea. Ndiyo biashara waliyoachiwa.

Gavana analetwa na Mfalme. Ni kama mkuu wa mkoa anavyoletwa kwetu, ila huyu anatoka ng'ambo, hajazaliwa hapa wala hatazikwa hapa. Kisha kuna waziri mkuu wao na wawakilishi waliopigiwa kura, ambao wakiketi wote wanaenea kwenye benchi mbili za darasa. Shule, barabara na ng'ombe ni mambo ya hao waliochaguliwa. Polisi na mambo ya nje ni ya Gavana. Na hata wakipatana wote, lazima London ikubali kutoa hela. Uliniuliza kupitia kwa Koku, "Kwani makoloni hayajaisha?" Nikampelekea mkubwa wangu wa kazi swali lako. Anaitwa Bwana Alwyn, mtu wa hapahapa, mpole, tumbo mbele. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Akasema, "Mwambie mzee wako tumebadilishiwa jina mara nyingi, ila mwenye nyumba ni yuleyule."

Usidhani ni watu wabaya. Wamenipokea vizuri, na mimi nikawalipa kwa kuwachekesha. Chakula chao cha heshima ni supu ya mbuzi, lakini wenyewe wanaiita maji ya mbuzi. Sasa juma nililofika, jirani yangu Bi Verna, mama wa makamo ya Mama, akaniita toka barazani kwake: "Jumamosi usikose, kuna maji ya mbuzi." Mimi mtoto wa mfugaji nikajua mama wa watu anaomba msaada wa kunywesha. Jumamosi nikatokea na gambuti na ndoo mbili zimejaa pomoni. Nikakuta watu wamevaa nguo za kanisani, wameshika bakuli. Walicheka, ee Mungu wangu. Mpaka leo kuna watu sokoni wananiita Ndoo.

Haya, sasa ng'ombe.

Mji mkuu wao ulikuwa kusini, pamoja na bandari na malisho yote mazuri. Mlima ulipolipuka, majivu na mawe ya moto yakateremka yakaufunika mji hadi juu ya madirisha. Ukisimama kilimani unaona mapaa tu, yamekaa juu ya udongo kama vifuniko vya vyungu. Watu wengi walihamia Uingereza wasirudi. Waliobaki walisongamana kaskazini, kwenye miteremko ya mawe. Kusini pamefungwa, huingii bila kibali, kwa kuwa mlima bado unatoa moshi. Siku ile ya kukimbia, watu walifungua mazizi wakawaacha ng'ombe wao waende watakako. Bi Verna ananiambia baba yake alilia njia nzima, si kwa ajili ya nyumba, kwa ajili ya ng'ombe.

Wale ng'ombe hawakufa. Wamezaana huko porini, vitukuu vya vitukuu, hawajui kamba wala mkono wa mtu. Ni wafupi, pembe zao ni kama vidole gumba, wewe ungesema ni mbuzi waliopata bahati. Lakini wanatembea. Kiangazi kikikaza wanavuka mpaka, wanaingia mashamba ya kaskazini, na mashamba yenyewe ni vijisehemu. Ng'ombe wachache tu wakipita, mihogo na magimbi ya mtu ya mwaka mzima yamekwisha.

Ndiyo sababu nikaletwa. Yule daktari wa mifugo niliyekuwa namsaidia kwenye ranchi ya kwetu alikuja kufanya kazi Kule, akawaambia kuna kijana kwao anayeita ng'ombe wakaja. Nilipata kazi hii kwa sauti yako, Tata, wala si kwa cheti changu. Nikaambiwa niwazoeze, niwaingize zizini, tuwachanje, tuwatie hereni masikioni, halafu wagawiwe watu wenye mahali pa kuwafuga. Nilifurahi sana. Nilikupigia simu siku ile, unakumbuka? Bado ulikuwa na sauti. Ulisema, "Anza na maji. Usianze na mdomo."

Nikaanza na maji. Vijito vya kusini vimejaa majivu, maji ni ya shida. Nikatafuta mahali penye nyasi karibu na mpaka, nikajenga kibumbiro, birika la kunyweshea. Bwana Alwyn alitaka kunipa pipa la plastiki lililokatwa, nikakataa, nikafinyanga birika la udongo chini kama la kwetu, nikalisakafia kwa saruji kidogo kwa sababu udongo wa hapa haushiki. Kila siku nikapeleka maji kwa gari, nikakoroga chumvi kwa mkono, nikaonja. Na kila siku, maji yakiwa yamo, ndipo nikaita. "Yeee, mwije, mwije, yeee," ule wa kwako, unaoanzia tumboni na kuishia puani.

Mwanzo nilikuwa naita mawe. Kisha nikaanza kuona mavi mabichi asubuhi. Kisha akaja jike mmoja mzee, rangi ya mchanga mwekundu, nikampa jina Gaju kwa sababu alinikumbusha Gaju wako wa nyumbani. Akanywa, akanitazama, akaondoka. Akarudi na wengine. Mvua za kwanza zilipokuja na majani yakaota kila mahali, hawakuwa na shida ya maji tena, lakini nikiita wanakuja. Wanakuja wakikimbia, Tata, ndama mkia juu. Nilikaa pale nikajiona mtu. Nilisema moyoni, Tata angeniona.

Unajua mwenyewe ulivyotufundisha. Hukuwahi kuita ng'ombe kabla maji hayajakaa ndani ya kibumbiro. Hata ukichelewa, hata wakiwa wanalia, ulimimina kwanza. Yule mchungaji wetu aliyewaita siku moja kibumbiro kikiwa kikavu, kwa kuwachezea tu, apate kuwacheka wakilamba udongo, ulimfukuza siku ileile. Mama alimwombea msamaha, ukakataa. Ulimwambia, "Huyo atamwita hata mtoto wako shimoni." Nilikuwa nimesimama mlangoni nikasikia.

Koku, hapa ndipo nilipokwambia usiruke.

Baraza lao liliketi. Hela za uzio kutoka London hazikufika, na hakuna aliyejitokeza kuchukua ng'ombe, maana wote wanaishi kwenye mteremko na anayekubali ng'ombe anakubali na lawama ya kila gimbi lililoliwa. Wakati huohuo kundi jingine likaingia mashambani na shamba la Bi Verna likaisha. Alisimama katikati ya mashina ya mihogo akaniambia, "Hawa labda ni wajukuu wa ng'ombe wa baba yangu, na mimi nawachukia." Basi serikali ikaamua wapunguzwe. Ndivyo wanavyosema, kupunguza. Kwa bunduki.

Bwana Alwyn alikuja ofisini kwangu akafunga mlango. Alisema wapiga bunduki wameshajaribu, ng'ombe wakiona mtu wanatawanyika magengeni, wengine wanabaki na majeraha wiki nzima. Alisema, "Kwako wanakuja na kusimama. Itakuwa haraka, haitakuwa na mateso. Waite mara moja tu."

Nataka ujue nilisema nini. Sikusema hapana. Sikusema acha nifikiri. Nilisema, "Wakija saa za asubuhi ni bora." Kana kwamba naagizwa chai! Mkataba wangu ulikuwa karibu kuisha na kukaa kwangu hapa kunategemea kazi, hilo ni kweli. Lakini nisikufiche, kulikuwa na kingine kibaya zaidi. Nilijisikia mkubwa. Serikali nzima, gavana na mawaziri na watu wa bunduki, wameshindwa, wananihitaji mimi. Asubuhi ile njiani nilikohoa kusafisha koo ili niite vizuri. Nilitaka wasikie.

Tulipofika nikaanza kushusha maji. Mmoja wa wapiga bunduki, kijana mwenye heshima zake, akaniambia, "Ya nini kujichosha? Hawatapata nafasi ya kunywa." Alisema kwa wema, alitaka kunisaidia. Nami nikarudisha maji garini.

Kibumbiro kilikuwa kikavu, Tata. Nikasimama juu yake nikaita.

Walikuja. Gaju mbele, nyuma yake wale wakubwa, nyuma kabisa ndama. Gaju akatia mdomo ndani, akalamba udongo, akainua kichwa akanitazama. Hakuogopa. Alikuwa anangoja, kama ng'ombe anavyongoja akijua umechelewa kidogo tu na maji yanakuja. Ndivyo alivyokuwa anatazama walipompiga risasi. Na la kutisha ni kwamba mlio ulipopasuka baadhi yao hawakukimbilia porini. Walinikimbilia mimi.

Sitaki kuendelea hapo.

Baadaye wakanipa mkono. Bwana Alwyn alinishika bega, macho yake yamelowa, maana yeye pia si mtu wa mawe. Redio ya kisiwa ikasema kazi imefanikiwa kwa msaada wa mtaalamu kutoka Afrika. Bi Verna akaniletea magimbi kwenye kikapu, akaniombea baraka. Niliyapokea kwa mikono miwili, nikaingia ndani nikashindwa kuyamenya. Kama wangenitukana ningejitetea. Lakini unajiteteaje kwa mtu anayekushukuru? Nilikuwa nikipita sokoni mtu akisema "Ndoo!" natamani ardhi inimeze.

Ujumbe wa Koku ulinikuta katika siku hizo. MWAMBIE ANITUMIE SAUTI. Nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni. Sauti ipi? Ile uliyonipa, au hii niliyoitumia?

Sasa Bwana Alwyn amekuja tena. Wamebaki wachache upande wa pili wa kilima, wale waliochelewa kufika siku ile na ndama waliotoroka. Akaomba niite mara ya mwisho. Safari hii nilisema hapana. Nilisema koo linaniuma, uongo wa kitoto, halafu nikaona haya nikamwambia ukweli kwamba kwetu hakuna kuita ng'ombe kwenye birika kavu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema ananielewa, na kwamba nisijisumbue, nipumzike tu. Yule kijana wa bunduki alinirekodi kwa simu yake siku ile. Sauti wanayo. Jumatatu wataiweka kwenye spika ya gari.

Umeona, Tata? Hilo ndilo linaloniogopesha pia kwa hiyo spika ya Koku. Sauti iliyo ndani ya simu haioni kama maji yamo.

Na Bi Verna alipopata habari kwamba nimekataa, alinisimamisha njiani. Hakunifokea. Aliuliza tu, "Kwa hiyo shamba langu utalilinda wewe?" Nikainama. Kwako, Tata, nimekuwa mdanganyifu, kwake nimekuwa mtu asiyejali jasho la wengine, na nyote wawili mna haki. Sijui mkataba utakuwaje. Nikirudishwa nyumbani nitarudi, na kama hutataka niguse ng'ombe, nitalima migomba na Mama.

Nisalimie Mama sana, mwambie asali ya dukani niliyomtumia ni ya koo lako lakini na yeye alambe. Nisalimie Baba mdogo wa Nyakasimbi, fundi wetu wa kushona, na usimweleze haya, yeye atayasema kila anapopima suruali. Nisalimie shangazi muuza bitoke, zile ndizi za kupika, na binamu aliyeoa majuzi, nampa pole kwa kukosa mchango wangu wa maneno siku ya sherehe. Mchungaji wa kanisa naye mpe salamu, aniweke katika sala bila kutaja sababu. Na wewe Koku, asante kwa kusoma bila kuruka. Najua umeshafika hapa unalia, futa pua uendelee, imebaki kidogo.

Jana mchana nilipanda peke yangu hadi kwenye kibumbiro. Nilibeba dumu la maji, na chumvi mfukoni. Nilijiambia, nitamrekodia Tata, lakini siiti tena juu ya utupu hata kama hakuna wa kunywa. Nikamimina, nikakoroga, nikaonja. Nikaweka simu juu ya jiwe, nikaita.

Sauti ilitoka. Nilidhani itagoma, lakini ilitoka safi, ya kwako kabisa, na nilichukia jinsi ilivyokuwa nzuri. Kabla sijazima simu, nikasikia matawi yakivunjika. Akatokea mtamba mmoja, mbavu nje, rangi ya mchanga mwekundu. Ni wa Gaju, nilimjua alipokuwa bado anazongwa na nzi machoni. Alikuwepo siku ile, Tata. Aliona. Na bado nilipoita alikuja.

Nikamwacha anywe. Alikunywa mpaka akainua kichwa, maji yanachuruzika puani, akasogea kunusa mkono wangu kutafuta chumvi. Nikafikiria Jumatatu na ile spika ya gari. Nikaokota mawe. La kwanza halikumtoa, alirudi nyuma hatua tu akanitazama. Nikatupa tena na tena, nikampata ubavuni, nikampata mguuni, nikamkimbiza mpaka kwenye miiba huku nikiita wito wetu uleule kwa nguvu zote, nikiita na kumpiga, nikiita na kumpiga, ili wakati mwingine akiusikia akimbie.

Rekodi nimeituma pamoja na kurasa hizi. Sijaikata. Mwanzo ni wito. Kisha utamsikia anakunywa. Kisha mawe, na mimi nikimtukana mtoto wa ng'ombe kwa Kinyambo, maneno ambayo hujawahi kuyasikia kinywani mwangu. Koku anaweza kuikata ibaki ile ya mwanzo peke yake, anajua kuzikata. Lakini asifanye hivyo mpaka wewe umeisikiliza yote. Ukiona inawafaa ng'ombe wako, maji yawe yamo kwanza. Ukiona haifai, andika kwa chaki kwenye kile kibao, Koku akipige picha. Neno moja litanitosha, na sitauliza mara ya pili.

Mwanao,
Byaruhanga